Marashi ya Rafu ya Nyuma

Everline na Zamzam, siku ile ya kuniaga mliponikatia keki na kunifunga leso mbili kwa mpigo kama bibi harusi aliyechelewa, mliniomba kitu kimoja tu: niwaandikie jinsi ya kuchanganya Ya Nyuma. Nikasema nitaandika. Sasa nimekaa hapa nyumbani Butula wiki ya sita, daftari mapajani, na kila nikiandika "tola mbili za udi" najikuta nauliza: udi upi? Uliokaa kwenye chupa gani? Uliopimwa siku ya jua au siku ya mvua? Nafuta. Kwa hivyo nitawaandikia ninachokijua, yaani namna nilivyokaa na marashi hayo miaka thelathini na moja yakinichanganya akili. Humo mtaokota mtakachoweza.

Mambo ya mshahara na vyeo siyaandiki. Duka lile lilikuwa na vyeo viwili tu: Bi Rukia, na sisi wengine.

Kabla ya marashi niliuza dagaa wa omena soko la Busia. Zamzam, bibi yako, Bi Rukia, alinikuta pale, nimekaa kwenye gunia, nzi wananizunguka, nami nimeshazoea. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda leso nyeusi, anatembea polepole kama mtu anayehesabu hatua. Alisimama mbele ya fungu moja akataka kulichukua.

"Hiyo usichukue, mama," nikamwambia. "Chukua hii ya huku."

"Kwani hiyo ina nini?"

"Ilianikwa chini, mahali mbuzi wanapita. Hii nyingine ni ya Budalang'i, imeanikwa juu ya nyavu."

"Uliona wakiianika?"

"Hapana. Nimenusa tu."

Alinitazama muda mrefu, hata nikafikiri nimemkosea. Halafu akaniuliza jina langu, nikamwambia Nabwire. Kesho yake akarudi, na hakutaka omena. Alitaka kujua kama ningekubali kufanya kazi kwenye duka lake la marashi, lile la barabara ya kuelekea mpakani, kati ya fundi cherehani na muuza viatu vya mitumba. Wanawake wenzangu sokoni walicheka siku nzima. Muuza omena aende kuuza marashi! Mimi mwenyewe sikuelewa, lakini nilikuwa na watoto wawili, na omena haina likizo.

Siku ya kwanza alinipa ndimu nne na ndoo ya maji, akanielekeza bafuni. Niliporudi alinionyesha vyombo vya kazi, na vyombo hivyo mnavijua kwa sababu mpaka leo ni vilevile: kijiti cha kioo cha kukorogea, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, pamba, na vitambaa vya marekani vilivyochanwa upana wa vidole viwili. Hakupenda karatasi, alisema karatasi ina harufu yake. Pua ikichoka, alinifundisha, usinuse kahawa kama wanavyofanya kwenye maduka ya vioo. Kunja mkono, unuse kiwiko chako mwenyewe kwa ndani. Pua inarudi nyumbani, inapumzika, halafu inatoka tena.

Siku ya pili nilijifunza majina: waridi, miski, ambari, sandali, zafarani, yasmini. Siku ya tatu nikafanya kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka mashavu yanapata moto.

Ilikuwa Ijumaa. Bi Rukia alikwenda msikitini akaniacha nifute vumbi. Nikafuta rafu za mbele, nikafika rafu ya nyuma, ile ya juu karibu na dari. Kulikuwa na chupa moja tu, kubwa, ya kijani, kama zile za dawa za hospitali za zamani, haina karatasi wala jina. Nikafungua kizibo nijue ni nini. Wacha niseme ukweli: nilirudisha kichwa nyuma. Harufu ilikuwa ya zizi la mbuzi baada ya mvua, na juu yake kitu kikali kama dawa ya jino. Nikasema masikini, mama wa watu ameacha mafuta yakaoza. Nikaenda nayo nje, nikayamwaga kwenye mtaro ulio nyuma ya duka, nikajaza beseni maji na sabuni ya unga, tayari kuosha chupa.

Bi Rukia alinikuta nimeinamia beseni, chupa mkononi. Aliinyakua kabla haijagusa maji. Akaiinamisha huku na huku mbele ya mwanga: palikuwa pamebaki mafuta kama upana wa kidole. Akakaa chini kwenye ngazi, yeye na nguo zake za msikitini.

"Umemwaga wapi?"

"Mtaroni, Bi Rukia. Ilikuwa imeoza."

"Imeoza." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Ilinukaje, hata ukasema imeoza?"

"Kama zizi. Kama mbuzi walionyeshewa."

"Na nini tena?"

"Karafuu. Ile ya kutuliza jino."

"Na nini tena, Nabwire?"

Nilifikiri ananikejeli kabla ya kunifukuza. Nikasema, "Ngozi ya ng'ombe ambayo haijakauka. Na moshi, lakini si moshi wa kuni zetu."

Akaziba chupa, akasimama, akajikung'uta vumbi. "Kesho uje saa mbili," akasema. Basi.

Kesho yake ndipo akaniambia nilichomwaga. Chupa ile haikuwahi kuoshwa tangu enzi za mama yake, aliyekuja nayo kutoka Mumias alipoolewa. Kila mchanganyiko mpya ulimiminwa juu ya mabaki ya ule wa zamani, kama tunavyoacha maziwa kidogo kwenye kibuyu ili yaivishe mengine. Hayakuwa na jina. Waliokuwa wakiyajua waliingia dukani wakasema, "Nipimie ya nyuma," na ndivyo yakaitwa Ya Nyuma. Mimi nilikuwa nimemwagia panya wa mtaroni kazi ya wanawake wawili.

Adhabu yangu ilikuwa hii: kila asubuhi nipake tone moja la mabaki yale kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na saa nne, saa saba na saa kumi niende mbele ya Bi Rukia niseme nanusa nini. Hakukubali maneno ya duka. Nikisema "tamu" au "nzuri" ananirudisha. "Tamu kama nini? Ndizi ni tamu, mtoto mchanga pia ni mtamu. Sema."

Wiki ya kwanza niliteseka. Mume wangu Barasa alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli hadi mpakani, jasho lake mwenyewe halikuwa haba, lakini kitandani aligeukia ukuta akaniambia, "Unanuka kama sanduku la mtu aliyekufa." Mama yangu alikuja kunitembelea akauliza kama nimeanza kwenda kwa mganga. Kwenye ibada dada aliyekaa karibu nami alisogea hadi mwisho wa benchi. Mimi mwenyewe nilikula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto nimeuficha mgongoni.

Halafu, siku ya tano au ya sita, ilinyesha. Nilikuwa natoka chooni, napita nyuma ya duka, nikanusa kitu kikanifanya nisimame. Kilikuwa kama waridi, lakini waridi lililokauka ndani ya kitabu, na chini yake palikuwa na joto fulani, kama shingo ya mtoto aliyeamka. Nikatazama huku na huku nione ni mwanamke gani tajiri amepita. Hapakuwa na mtu. Nikafuata pua yangu, nikajikuta nimepiga magoti kando ya mtaro.

"Mama, umeangusha nini?" akaniuliza muuza viatu.

"Sijui," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Nilirudi dukani mbio nikamwambia Bi Rukia, kwamba ule mtaro unanukia, na kwamba ni yale yale niliyomwaga. Kitu kimoja kinawezaje kunuka mbuzi Ijumaa na waridi Jumatano? Nilitegemea atanicheka. Badala yake aliacha kila kitu, akanivuta mkono mpaka nje, kwenye matope, akasimama pale na leso yake nzuri. "Nionyeshe," akasema. "Anza na linalokufika puani kwanza. La kwanza ni lipi?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa polepole, macho ameyafumba. "Udi ndio unaokimbilia pua," akanieleza tuliporudi ndani. "Una fujo. Waridi liko chini yake, linangoja udi uchoke."

Maelezo mazuri. Lakini hayakunisaidia kama mnavyofikiri, kwa sababu kesho yake nilipopaka, mbuzi walikuwa wamerudi, na waridi halikutokea mchana kutwa. Keshokutwa lilitokea saa nne asubuhi, kabla ya udi hata kujaribu. Mwezi uliofuata, tulipokuwa tumeijaza chupa upya, nikanusa chungwa, na ndani ya chupa ile hakukuwa na chungwa. Nikimuuliza Bi Rukia anasema, "Kama umelinusa, lipo." Na mimi najua halipo, maana nilikuwa nimemsaidia kumimina kila kitu.

Nataka mnielewe hapa. Watu husema siku moja pua inafunguka, na kuanzia hapo unayapenda. Mimi haikunitokea hivyo. Miaka miwili ya mwanzo niliyachukia. Halafu nikaanza kuyatafuta bila kukubali kwamba nayatafuta: Jumapili, siku isiyo ya kazi, nilijikuta nainua kifundo cha mkono puani, na nikikuta hakuna kitu nakasirika. Kama mtu mnayegombana naye kila siku, akisafiri unakosa usingizi. Hiyo ni kupenda? Sijui. Barasa naye aliacha kugeukia ukuta, wala hakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza.

Baadaye Bi Rukia alifungua kile kibanda chetu cha Malaba, nami nikawa nakwenda huko Jumanne na Alhamisi. Mnaijua Malaba: malori yamepangana hadi macho yanachoka, madereva wamekaa siku mbili, tatu, hawana la kufanya. Dereva asiye na la kufanya hununua marashi. Mmoja, mtu wa Voi anayepeleka mafuta Kampala, alinunua Ya Nyuma kwa sababu nilimwambia asinunue. Baada ya wiki tatu alirudi, akaegemea kaunta.

"Dada, hii kitu iko na akili?"

"Kwa nini, boss?"

"Nilipaka nikiwa kwa foleni. Saa ya kwanza nikataka kujitupa nje ya gari. Saa ya tatu nikaanza kukumbuka duka ya babu yangu, na huyo mzee alikufa nikiwa darasa la pili. Sasa niambie, ulijuaje babu yangu?"

Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Tororo, anayeniita nnyabo, yaani mama, kila sentensi, aliapa kuwa ni harufu ya nguo za magome za ukoo wao. Mchungaji mmoja wa Marachi alisema ni Krismasi. Mhindi mwenye duka la vipuri alisema ni hekalu, kisha akasema hapana, ni gari jipya. Hakuna wawili waliokubaliana. Nilikuwa nampelekea hayo yote Bi Rukia jioni, neno kwa neno, naye aliyapokea kama mtu anayeletewa barua.

Na tulipokuwa tukiongeza mchanganyiko mpya, mara mbili kwa mwaka, tulifanya hivi: yeye anapima, anakoroga kwa kijiti, ananikabidhi kitambaa. "Imefika?" Nikisema bado, anauliza bado nini. Nikisema waridi limezama, anaongeza matone matatu. "Sasa?" Hivyo hivyo hadi niseme imefika. Hata siku moja hakusema nimekosea. Nilijivuna. Nilifikiri nimekuwa mwanafunzi hodari kiasi kwamba mwalimu hana la kusahihisha.

Zamzam, hili linalofuata hukuambiwa. Nimefikiria sana kama niliandike. Mama yako analijua, na amesema niandike.

Nilikuwa na mwaka wa kumi na nane dukani. Siku hiyo nilitoka Malaba mapema, kama saa nane mchana. Nilipofika mlangoni, kabla sijaingia, nikanusa gesi, ile harufu ya yai lililooza inayotoka kwenye mtungi. Si kidogo, ilikuwa imejaa duka zima. Na duka zima, mnajua, ni spiriti kutoka sakafuni hadi dari. Nikatazama ndani. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na pazia la chumba cha chai, chetezo cha ubani kiko mbele yake, na mkononi ameshika kiberiti. Njiti ilikuwa imeshatoka.

Sikumbuki nilipiga kelele nikisema nini. Nakumbuka nilimrukia nikampiga mkono, njiti zikatawanyika, kisha nikamburuta hadi barabarani, mwanamke yule mrefu, kandambili moja imebaki ndani. Muuza viatu akaingia na leso puani akafunga mtungi. Tulifungua kila dirisha. Hakuna kilichowaka.

Tulikaa nje, kwenye benchi la fundi cherehani. Mimi nilikuwa nahema. Yeye alikuwa anatazama mguu wake usio na kiatu.

"Bi Rukia, hukunusa?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Gesi ile? Mimi nimeinusa kutoka barabarani!"

Nikamtazama. Nikachukua mkono wangu wa kushoto, wenye tone la asubuhi, nikauweka chini ya pua yake.

"Hii ni nini?"

"Ya Nyuma," akasema haraka.

"Leo nimepaka yasmini."

Aligeuza uso. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Usimwambie mtu. Nani atanunua marashi kwa mwanamke asiye na pua?"

"Tangu lini?"

"Tangu homa moja kali, binti yangu alipokuwa mdogo." Yaani mama yako, Zamzam. Kabla sijafika mimi dukani. Kabla ya omena. Nilihesabu mara mbili kichwani, sikupata jibu jingine. Lakini wiki iliyofuata nilipomuuliza tena, alisema ilikwenda kidogo kidogo, na kwamba mwaka wangu wa kwanza alikuwa bado ananusa waridi akikaza. Na siku nyingine akasema hakumbuki. Sijui lipi ni la kweli.

Pale kwenye benchi niliona hasira. Miaka kumi na minane ya saa nne, saa saba na saa kumi! "Kwa hivyo ulikuwa hunifundishi," nikamwambia. "Nilidhani unanipima. Unapouliza na nini tena, na nini tena, nilidhani jibu unalo."

"Nilikuwa nakuuliza, Nabwire," akasema. "Nilikuwa nakuuliza tu."

Fundi cherehani alikuwa anajifanya hasikii, mashine yake imesimama. Nilitaka kuondoka. Nilisimama hata. Lakini nilipomtazama, amekaa na mguu mmoja mtupu barabarani, mbele ya duka lililojaa vitu ambavyo kwake ni maji ya rangi, nilichanganyikiwa kabisa. Ni nani alikuwa amemdanganya nani? Waridi lile nililolinusa mtaroni, nililisikia kwa sababu lipo, au kwa sababu kulikuwa na mtu anayelitaka sana?

Nikaingia ndani, nikachukua chupa ya kijani, nikapaka kifundo cha kulia. Nikarudi nikakaa karibu naye.

"Inanuka moshi kwanza," nikasema. "Si moshi wa jikoni. Ni moshi wa nguo iliyofukizwa jana, ukiivaa leo. Halafu mbuzi wako wanapita, lakini mbali, nje ya boma, unawasikia tu. Zafarani imekuja mapema leo, kali, kama sufuria ya shaba ukiilamba. Ngoja... Waridi bado. Waridi liko nyuma ya mlango."

"Ngoja nalo," akasema, amefumba macho. "Usiliharakishe."

Tulilingoja hadi duka lilipomaliza kutoa gesi. Siku hiyo, kama mnataka niwape tarehe, ndiyo siku niliyoyapenda marashi yale bila kubishana nayo. Lakini hata hapo siwezi kuwaambia ni marashi niliyapenda au ni kazi ya kumwambia mtu.

Hatukulizungumza tena sana. Nilimnunulia kifaa cha kupiga kelele gesi ikivuja. Aliendelea kuuliza, niliendelea kujibu, na nilijibu vizuri zaidi. Alifariki miaka minane baadaye, mchana, kitandani kwake, na chupa ilikuwa imejaa.

Baada ya hapo sikuongeza chochote ndani yake. Niliuza Ya Nyuma hadi ikabaki upana wa kidole, nikaacha. Wateja wakiuliza nasema imekwisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nani angeniuliza "imefika?" Nami nilikuwa na pua, lakini sikuwa na swali.

Mwaka wangu wa mwisho, ninyi mkiwa mmeshaanza kazi, alikuja yule mwalimu mstaafu wa Chakol, Mwalimu Omuse. Mnamkumbuka, mzee mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Aliweka kichupa kitupu juu ya kaunta.

"Mke wangu Imelda amepoteza kumbukumbu," akasema. "Watoto amewasahau mmoja mmoja. Mimi nimedumu mpaka Pasaka. Sasa kila asubuhi ananiuliza nimemletea ujumbe kutoka kwa nani." Akakigeuza kichupa. "Alipaka hii tangu tuoane. Bi Rukia alikuwa akimletea mwenyewe mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa muuguzi, ndiye aliyemzalisha Bi Rukia binti yake. Nimefikiria, labda akinusa, atanijua."

Nilimwambia imekwisha. Akasema, "Basi tengeneza, mama." Mwalimu akisema hivyo, hata ukiwa na miaka sitini unasimama wima.

Nilichanganya mara tisa. Mnakumbuka mlivyolalamika kwamba nimeziba madirisha. Kila jaribio nilimimina udi mpya juu ya matone machache ya ule upana wa kidole, nikaweka waridi, sandali, zafarani, nikanusa, nikatenga. La pili, la tatu. Moja lilikuwa zuri mno, nikajua si lenyewe. Jingine lilikuwa na mbuzi lakini hakuna mlango. Kufikia la sita pua yangu haikurudi hata kwa kiwiko. Nikaanza kujiuliza kwa sauti, "Na nini tena?" na ninyi mkafikiri nazeeka. Mwishoni nikachukua matatu ambayo sikuweza kuchagua lipi ndilo lenyewe, nikapanda pikipiki hadi Chakol nikiwa nimeyakumbatia kama mayai.

Imelda alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, amepakwa mafuta vizuri, gauni limepigwa pasi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimsalimu kwa lugha yao, "Yoga," akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni wa serikali. Nilimpaka tone la kwanza kwenye kifundo. Tuliongea habari za mvua. Hakunusa, hakujali. Nikampaka la pili mkono mwingine. Akajifuta kwa gauni.

La tatu nilijipaka mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha. Nilikaa karibu naye, nikangoja moshi uondoke. Nilikuwa nimekata tamaa, namtazama kuku. Nikahisi vidole vyake vimenishika mkono. Aliuvuta hadi puani, akanusa mara moja. Akanusa tena, akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa macho ya mtu mwingine, makali, ya muuguzi anayeongoza wodi.

"Rukia," akasema. "Umechelewa."

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amevua kofia. Nikimrekebisha, labda atarudi alikotoka. Nisipomrekebisha, mimi ni nani?

"Nimechelewa, dada," nikasema. "Njia ilikuwa mbaya. Nisamehe."

"Na mtoto?"

"Amekua. Naye ana mtoto wake sasa. Anaitwa Zamzam."

"Vizuri." Hakuuachia mkono wangu. Kisha akageuka, akamwona mzee amesimama nyuma yake, kofia kifuani. Alimkagua kuanzia viatu hadi mvi. Mwalimu akasogea hatua moja. Nikasali, na sijui niliomba nini.

"Rukia," akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "na mzee huyu ni nani?"

"Ni bwana yako, dada. Ndiye aliyenituma nikuletee marashi."

Imelda akafikiri. Akanusa tena kifundo changu, bila haraka, halafu akamtazama mume wake kama anayelinganisha vitu viwili.

"Basi ana pua," akasema. "Mpe kiti."

Nikainuka nikampisha. Mwalimu Omuse akaketi kwenye kiti cha nyumba yake mwenyewe, magoti yamebanana kama mgeni, kofia mapajani, karibu na mke wake wa ndoa ya miaka arobaini na mitano. Mimi nikaenda jikoni kutafuta chai, kwa sababu sikujua pa kutazama.